Kupogoa Mizizi ya Mimea ya Ndani Juu ya Tangi la Samaki wa Tanganyika

Samaki wa Moba, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, wametembea dunia. Ingia katika duka la samaki wa mapambo Ulaya au Marekani, utafute tangi la frontosa, yule samaki mkubwa wa rangi ya buluu mwenye mistari myeusi ya wima na nundu juu ya paji la uso, na huenda ukakuta neno "Moba" kwenye kibandiko, karibu na bei. Wafugaji wa huko huwatofautisha frontosa kwa pwani walikotoka, na pwani hiyo ni hii iliyo chini ya Kirungu, mji wa juu ambao Mapadri Weupe waliuanzisha kama misheni mwaka 1893 na ambao katika enzi za Wabelgiji uliitwa Baudouinville. Tropheus, samaki wa miambani anayekwangua mwani wa kijani kwenye mawe, naye huuzwa kwa jina la Moba.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayefuga samaki wa ziwa hili kwenye kioo, awe Kirungu, Kalemie, Lubumbashi au Brussels, na ambaye ameegesha mmea wa ndani ukingoni mwa tangi, majani juu, mizizi majini. Wanaofanya hivyo wana sababu. Samaki wetu ni wachimbaji: ukipanda kitu mchangani jioni, asubuhi unakikuta kinaelea. Tropheus nao wanamaliza kila jani laini lililo majini. Mmea unaokaa nje na kushusha mizizi peke yake huepuka vyote viwili, na juu ya hayo husafisha maji. Miezi inapita, mizizi inashuka, inafika mchangani, inajipenyeza chini ya mawe, inaingia kwenye filta, na tangi linaanza kuonekana kama kichaka. Hapo unajiuliza uikate au uiache.

Ikate, lakini kidogo kidogo. Anayeng'oa mmea mara moja kwa mwaka na kunyoa mizizi yote ana uwezekano mkubwa wa kuua samaki kuliko yule aliyeiacha ikajaa.

Maji haya hayasamehe

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria wanaoishi kwenye filta, kwenye mawe na kwenye mizizi yenyewe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti. Mmea hunyonya amonia na nitreti na kuzifanya majani. Unyonyaji mwingi hufanyika kwenye sehemu changa karibu na ncha, ile nyeupe au ya rangi ya maziwa. Kamba nzee za kahawia hufanya zaidi kazi ya kupitisha chakula na kushikilia mmea. Ukiikata mizizi yote siku moja umeondoa wanyonyaji na makazi ya bakteria kwa mpigo, na kila kipande ulichokisahau chini ya jiwe kinaanza kuoza na kutoa amonia mpya.

Kwenye tangi la samaki wa Amazon, ambao hupenda maji laini yenye asidi kidogo, uzembe huo mara nyingi hupita salama. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana pH ya juu, kwa kawaida kati ya 8.6 na 9.2 ziwani, nawe bila shaka umejitahidi tangi lako likaribie hapo. Sasa angalia hesabu. Amonia majini ina sura mbili, moja hatari sana kwa samaki na nyingine ya upole, na pH ndiyo inayoamua mgawo. Katika maji ya nyuzi joto 25 yenye pH 7, kati ya sehemu 100 za amonia ile hatari haifiki hata sehemu 1. Kwenye pH 8 inakuwa kama 5. Kwenye pH 9 inapita 35. Konzi moja ya mizizi inayooza, ambayo kwenye tangi la jirani ingenuka tu, kwako inaweza kuwafanya samaki wahemee juu ya maji kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa kupogoa ulioandikwa kwa ajili ya samaki wa maji laini, usiuchukue jinsi ulivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisema kinyume. Mmea wa aina hii hautii oksijeni majini. Majani yake yako hewani, na oksijeni yake inabaki sebuleni. Mizizi yenyewe inapumua, yaani inatumia oksijeni ya samaki, na mizizi iliyosongamana inazuia maji kuzunguka. Pampu ikiwa inafanya kazi hutaona tofauti. Shida huja umeme ukikatika. Kalemie hutegemea mtambo wa umeme wa maji wa Bendera, na kule juu Kirungu mwenye tangi inabidi ategemee sola au jenereta. Kote kuwili usiku wa giza si habari mpya. Tangi lenye mizizi mingi na pampu iliyozimwa humaliza hewa mapema kuliko tangi lenye nafasi. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kupogoa.

Soma mizizi kabla ya kushika mkasi

Rangi peke yake hudanganya. Mzizi mchanga wa potosi, ule mmea unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo yaliyomwagiwa njano, ni mweupe. Ukizeeka huwa wa kahawia, na mwani wa kijani ukiukalia huonekana mchafu, lakini bado ni mzima. Pima kwa vidole. Shika mzizi mmoja kati ya gumba na kidole cha shahada, uvute polepole kuelekea chini. Ulio mzima ni mgumu kidogo na unarudi ulivyokuwa. Uliooza hutoa utelezi, ganda lake la nje linavuka kama soksi na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Unuse: harufu ya udongo wa mvua ni ya kawaida, harufu ya yai bovu si ya kawaida. Huo wa soksi ukate wote mpaka penye ugumu, hata ukiwa mwingi, kwa sababu haumsaidii mtu.

Mwanzi wa bahati umewaponza wengi hapa. Si mwanzi hasa, ni jamaa ya dracaena, na mizizi yake mizima ina rangi ya machungwa inayokaribia nyekundu. Watu huiona, hushtuka, hukata yote. Iache.

Angalia na majani. Majani ya chini yakigeuka njano na mizizi ni mizima, huenda mmea una njaa: samaki ni wachache au wadogo, nitreti imekwisha. Majani mapya yakitoka ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, ni upungufu wa chuma, ugonjwa wa kawaida kwenye maji ya pH ya juu kwa sababu humo chuma hakinyonyeki kirahisi. Mmea wa namna hii usiupogoe. Unahitaji kila ncha uliyonayo. Wala usikimbilie kumwaga mbolea ya bustani tangini, maana nyingi zina amonia, na nyingine zina shaba inayoua konokono na kuwadhuru samaki.

Ugando mweupe unaojishika kwenye mizizi pale maji yanapoishia ni chokaa ya maji magumu. Hauna madhara, na ukiukwangua utaumiza ngozi ya mzizi bure.

Dalili za kweli kwamba wakati umefika ni hizi: mizizi imegusa mchanga na kuanza kutambaa chini ya mawe, imefika kwenye mdomo wa filta na maji yanatoka kwa unyonge, uchafu unaning'inia ndani ya fundo lake kila unaposafisha, au frontosa hana tena njia ya kugeuka bila kujisugua. Kalenda haisaidii sana. Kirungu wakati wa kiangazi, baridi ya usiku ikishuka, mmea hukua kwa uvivu. Chini ziwani kwenye joto huongeza urefu mara dufu.

Siku ya kazi

Chagua asubuhi ya siku unayobadilisha maji, ili ukosee mapema na uwe na mchana mzima wa kurekebisha. Usiwalishe samaki kabla. Kwanza kabisa tazama vinywa vya majike. Tropheus na frontosa huatamia mayai mdomoni kwa wiki kadhaa, na jike aliyetishwa anaweza kuyatema au kuyameza. Ukiona jike amevimba kidevu na hali chakula, ahirisha, mizizi itakungoja. Kama unafuga wale wadogo wanaozaa pangoni, wa jamii ya brichardi, vifaranga wao huenda wamejificha kati ya mizizi, nawe hutawaona mpaka wamebaki kwenye beseni.

Vifaa ni vichache: mkasi mkali au wembe mpya, beseni, ndoo mbili, taulo. Mkasi uoshe kwa sabuni, uusuuze vizuri, uumwagie maji yaliyochemka. Mkasi butu hauukati mzizi bali unaubana, na pale ulipobanwa ndipo uozo unapoanzia. Chota maji ya tangi uyatie kwenye beseni. Kisha chomoa pampu na kipasha joto kwenye umeme, usivizime tu kwa swichi. Mkono uliolowa hauna urafiki na waya.

Inua mmea taratibu. Ukikataa kutoka, usivute. Mizizi iliyozunguka mawe ikivutwa inaangusha mawe, na jiwe likianguka huua samaki au hupasua kioo. Kata mzizi juu ya jiwe, toa mmea, kisha rudi na mkono kuondoa kilichobaki chini, hata kama itabidi uhamishe mawe moja moja. Hapa ndipo watu wengi huchoka na kuacha. Kipande kilichobaki chini ya jiwe, mahali pasipopita maji, ndicho kitakachokusumbua baada ya siku chache.

Kwenye filta fanya hivyo hivyo. Kata nje ya mdomo wa kuvutia maji, fungua filta, toa nyuzi zilizoingia. Nyuzi zikijifunga kwenye propela ya pampu huifanya ipige kelele, ipate moto, na mwisho iungue. Sponji lake lisuuze kwenye maji ya tangi, usilipeleke kwenye bomba la maji la Regideso, kwa sababu klorini itawaua bakteria ambao leo unawahitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Mmea ukiwa kwenye beseni, mizizi imefunikwa na maji, uchambue kwa vidole. Toa iliyooza kwanza. Kisha tazama iliyobaki ukadirie theluthi moja. Huo ndio mwisho wa ruhusa yako kwa siku moja, na kama tangi lina samaki wengi, robo inatosha. Usiikate yote kwa mstari mmoja kama majani ya uwanja wa mpira. Chagua michache iliyo mirefu kuliko yote ukaipunguze kwa urefu tofauti, mmoja kwa nusu, mwingine kwa robo. Kisha chagua michache ya zamani, ile kamba ya kahawia isiyo na matawi, uikate karibu kabisa na inapotokea, ili fundo lipungue unene. Mizizi mifupi yenye ncha nyeupe usiiguse.

Mzizi uliokatwa ncha huacha kurefuka na huanza kutoa matawi ubavuni. Ncha ndiyo iliyokuwa ikiyazuia, na ikiondoka yanachipua, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi. Ndiyo maana mzizi uliokatwa katikati utakupa fundo nene zaidi hapo juu, na ule uliokatwa karibu kabisa na unapotokea hautakupa kitu. Ukitaka kivuli kinene karibu na uso wa maji, pale frontosa wanapopenda kupumzika chini yake, kata kwa nusu. Ukitaka nafasi, kata karibu na unapotokea. Mpogoaji mzuri anaamua anataka nini kabla ya kuanza.

Ukimaliza, usirudishe mmea papo hapo. Uache kwenye ndoo ya pili, yenye maji ya ziwa au maji yaliyolala usiku mzima, kwa robo saa. Potosi, filodendroni, monstera na singoniamu zote zina utomvu wenye chembe za kuwasha. Kiasi kidogo hakiui samaki, lakini hakuna haja ya kuwaonjesha, nawe nawa mikono kabla ya kujifuta macho. Kisha rudisha mmea, vifundo vya chini vikigusa maji na majani yote nje. Jani likizama, likate leo, maana litaoza.

Kila mmea na tabia yake

Potosi ndio wa kuanza nao. Husamehe karibu kila kosa, na shina lake hutoa mizizi mipya katika kila kifundo, kwa hiyo ukiharibu upande mmoja unakata kipande chenye vifundo viwili na kuanza upya. Singoniamu na filodendroni hufuata tabia hiyo hiyo.

Monstera hutoa mizizi minene ya hewani, mingine unene wa kidole. Hiyo usiikate hata ikikuudhi. Ielekeze kando ya kioo, upunguze nyuzi zinazotoka ubavuni mwake. Ule mmea wa majani mapana wenye ua moja jeupe lililojikunja kama karatasi hutengeneza mkeka mzito wa mizizi: punguza sehemu ya chini tu, na shingo ya mmea, pale majani yanapotokea, isiingie majini kamwe. Klorofitamu, wenye majani membamba ya mistari, una mizizi minono kama vidole vya mtoto ndani ya kundi la nyuzi. Kata nyuzi, minono iache, kwa kuwa ndiyo ghala lake, na ikijeruhiwa majini huoza haraka.

Halafu kuna mimea isiyofaa kabisa. Usijaribu mnyaa, wala mmea wowote unaotoa maziwa usioujua. Watu wa kandokando ya mito wanajua kwa nini: utupa, ambao Wabemba huuita ububa, hupondwa na kutiwa majini ili samaki walegee na kuelea, kwa sababu sumu yake huziba pumzi yao. Maziwa ya mnyaa nayo yana sifa hiyo ya kuua samaki. Mmea ambao babu alivulia samaki hauna kazi juu ya tangi lako.

Siku mbili zinazofuata

Badilisha kama robo ya maji, joto lake likaribiane na la tangi. Maji ya ziwa ni bora ukiyapata. Ukitumia ya mvua kumbuka ni laini na hayana nguvu ya kushikilia pH, kwa hiyo yachanganye, usiyamwage peke yake. Ukitumia ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 klorini iondoke. Washa pampu, hakikisha maji yanazunguka hadi kwenye kona zile mizizi ilizokuwa imejaza.

Lisha nusu ya kawaida kwa siku mbili au tatu. Wanyonyaji wamepungua, kwa hiyo na takataka zipungue. Mwenye vipimo apime amonia jioni ile na asubuhi yake. Inatakiwa isomeke sifuri. Nitreti apime baada ya wiki: itakuwa imepanda kidogo, kisha itashuka matawi mapya yakitokea. Asiye na vipimo atazame samaki. Wakihema kwa kasi karibu na uso wa maji, wakibana mapezi, wakijikwaruza kwenye mawe, badilisha robo nyingine ya maji mara moja na utafute kipande kilichobaki. Karibu kila mara kipo. Tropheus ni wa kuangaliwa zaidi: akishtuka au akila vibaya tumbo lake huvimba, na ugonjwa huo hupita tangi zima.

Theluthi inayofuata isubiri mpaka uone ncha nyeupe mpya. Ukiziona nyingi na ndefu kama ukucha, mmea umekubali.

Maji uliyoyatoa yamejaa nitreti. Yapeleke kwenye tuta la lengalenga. Mizizi iliyokatwa ifukie shambani au uitupe kwenye mboji. Mashina mazima usiyatupe mtoni, mferejini wala ziwani, hata ukidhani yamekufa. Potosi hushika kila palipo na joto na unyevu. Watu wa Ziwa Viktoria walionyeshwa na gugu maji katika miaka ya 1990 jinsi mmea wa mapambo uliotoka mbali unavyoweza kuziba bandari na kuzuia mitumbwi. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa na kukatika ukiyakunja. Na jirani akiomba kipande cha kupanda juu ya tangi lake, mkatie shina lisilo na mizizi, ulioshe na kulifuta: mizizi iliyotoka kwako hubeba mayai ya konokono na magonjwa ya samaki wako, na shina litaota mizizi mipya ndani ya maji yake mwenyewe.